Kitabu kinasema dakika ishirini, viazi vinagoma

Swali: Shikamoo Mama. Nakaa Nyegezi, hapa Mwanza. Ndugu yangu aliniletea kitabu cha mapishi kutoka Marekani, nami nimeamua kujifunza sura moja tu, ile ya viazi vya kusindikiza mlo. Tuna jiko la gesi la plati mbili na jiko la mkaa, oveni hatuna. Viazi vya kuponda nilivisaga kwa blenda, vikawa vinavutika kama gundi. Saladi ya viazi ilivurugika yote. Gratin ya Kifaransa, vile vipande vyembamba vya viazi vinavyookwa ndani ya krimu, ndiyo iliyonikatisha tamaa: krimu sikuipata, nikatumia maziwa na matone ya ndimu ili yawe mazito, nikapalia mkaa juu na chini. Baada ya saa nzima juu paliungua, vipande bado vigumu, na maziwa yamekatika. Nafuata kitabu neno kwa neno. Tatizo ni kitabu au ni mimi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kitabu chako hakina kosa, na wewe si mpishi mbaya. Ila kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya kiazi kingine kabisa, na kwa maji yanayochemka kwenye joto ambalo maji ya Mwanza hayafiki. Ukilifahamu hilo, karibu kila kilichokuharibikia kina sababu yake, na sababu zote zinarekebishika bila kununua oveni.

Tuanze na kiazi chenyewe. Ndani ya kiazi mviringo kuna seli zilizojaa chembe za wanga, na seli hizo zimeshikanishwa na kitu kinachoitwa pektini. Kiazi chenye wanga mwingi kikiiva, chembe zinavimba, seli zinaachana, nacho kinapasuka na kuwa kikavu mdomoni. Hicho ndicho watu sokoni wanachokisifia kuwa kina unga. Kiazi chenye wanga kidogo na maji mengi hubaki kimeshikamana hata kikiiva kabisa. Ukikikata vipande, kona zake zinabaki kona. Kuponda kunataka cha kwanza, saladi inataka cha pili. Mwandishi wa Marekani akikuambia utumie Russet, anataka kiazi cha unga. Akisema Yukon Gold, anataka cha katikati. Kitabu cha Uingereza kikitaja King Edward, soma unga. Kikitaja Charlotte, soma kinachoshikamana. Majina hayo hutayakuta Soko Kuu wala Kirumba, na huna haja nayo. Unachohitaji ni kujua mwandishi anataka kiazi kifanye nini.

Hapa kwetu shida ni kwamba gunia haliandikwi. Viazi vingi vya nchi hii hulimwa Nyanda za Juu Kusini, kule Mbeya, Njombe na Iringa, na vingine hulimwa kaskazini. Mbegu zenye majina zipo, kama Asante, Meru, Sherekea na Tengeru zilizoidhinishwa mwaka 2012, lakini muuzaji wa mafungu mara nyingi anajua rangi ya ganda tu, na rangi ya ganda haikuambii chochote cha uhakika kuhusu unga. Kwa hiyo pima mwenyewe. Futa nusu glasi ya chumvi laini katika glasi tano na nusu za maji, koroga mpaka chumvi yote iyeyuke, kisha tumbukiza kiazi kibichi kilichooshwa. Cha unga ni kizito kwa ujazo wake, kitazama. Chenye maji mengi kitaelea. Kinachoning'inia katikati kama hakijaamua, hicho kitakufaa kwa gratin. Jaribu viazi vitatu au vinne vya fungu moja kabla ya kupanga utapika nini, kwa sababu si haki kumlaumu mwandishi wa Chicago kwa kiazi ambacho hakuwahi kukiona. Njia nyingine ni kumuuliza mkaanga chipsi wa mtaani kwako anavyochagua viazi vyake. Riziki yake inategemea kujua kiazi kipi kinakunywa mafuta na kipi kinakauka vizuri, na mara nyingi atakutajia hata ni gari la upande gani lililoleta mzigo mzuri wiki hiyo.

Sasa maji. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyumba zetu nyingi zimejengwa kwenye vilima vya juu zaidi ya hapo. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwenye joto dogo zaidi. Dar es Salaam yanachemka kwenye nyuzi 100. Hapa Mwanza ni kama 96. Unaweza kuongeza gesi mpaka mwisho, maji yatarukaruka zaidi, lakini hayatapanda juu ya 96. Ndiyo maana dakika ishirini za kitabu zinakuachia kiini kigumu. Usihesabu dakika. Choma kiazi kikubwa kuliko vyote kwa ncha ya kisu. Kikiteleza kutoka kwenye kisu chenyewe kimeiva, kikining'inia bado. Tegemea kuongeza dakika tano, pengine hata kumi.

Nije kwenye gratin yako, kwa sababu hapo ndipo umejifunza jambo kubwa bila kujua. Ile ndimu ndiyo iliyokuangusha. Asidi inaimarisha pektini, na pektini ikiimarika kiazi kinakataa kulainika hata ukipike nusu siku. Jambo hili umeshaliona nyumbani: mchuzi wenye nyanya nyingi au ukwaju, ukitia viazi vibichi mwishoni, nyama inaiva na viazi bado vinagoma. Wapishi wengi wa pwani na wa kwetu huvichemsha au kuvikaanga viazi kwanza, ndipo wanavitia kwenye rosti, na wako sahihi kabisa. Wewe ulitia ndimu kwenye maziwa, ukakigomesha kiazi na ukayakata maziwa kwa mkono mmoja. Kisha mkaa wa juu ulikuwa mwingi tangu mwanzo, kwa hiyo uso uliungua wakati katikati joto halijafika.

Ifanye hivi. Kilo moja ya viazi vya katikati, vimenywe na kukatwa vipande vyembamba sana, milimita tatu hivi. Kama kisu chako hakikuruhusu, tumia upande wa kukatia wa grata. Usivioshe baada ya kuvikata. Hili nalisisitiza kwa sababu sote tumefundishwa kuosha kila kitu: ule ute mweupe unaotoka ni wanga, na wanga huo ndio utakaoyafanya maziwa yawe mazito. Ukiumwaga, ndipo unapoanza kutafuta krimu. Osha kiazi kizima kabla ya kukikata, inatosha.

Tia vipande kwenye sufuria pamoja na mililita 600 za maziwa freshi yasiyochujwa mafuta, kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa, na kungumanga kidogo ya kukwaruza ukiipata. Weka kwenye gesi, moto mdogo, maziwa yatokote polepole, na ugeuze kwa mwiko kwa upole ili chini pasishike. Baada ya kama robo saa maziwa yatakuwa mazito kama uji mwepesi na vipande vitakuwa vinapindika bila kuvunjika. Umeshamaliza kazi ngumu hapo, kabla mkaa haujaguswa. Hamishia kwenye sufuria nzito iliyopakwa samli, sawazisha juu, dondoshea samli kidogo. Iweke juu ya makaa machache sana, funika kwa mfuniko bapa wa chuma, na juu ya mfuniko weka makaa mengi, kama wanavyooka keki mtaani. Chini moto uwe wa kupasha tu, juu uwe wa kupaka rangi. Nusu saa inatosha, na baada ya dakika ishirini chungulia. Jiko la mkaa likae nje au barazani penye upepo, kamwe si jikoni palipofungwa, kwa sababu hewa ya mkaa inaua bila harufu.

Ukitoa, iache itulie robo saa kabla ya kupakua. Ikipakuliwa inachemka itatawanyika kwenye sahani. Na usihangaike kutafuta jibini: gratin dauphinois ya asili, kutoka jimbo la zamani la Dauphiné huko Ufaransa, haina jibini. Ukitaka kuifanya ya kwetu zaidi, badala ya theluthi ya maziwa tia tui zito la nazi. Mimi naipenda hivyo, hasa na sangara wa kuchoma, ingawa Mfaransa hataitambua.

Viazi vya kuponda sasa. Gundi ile ilitengenezwa na blenda. Kisu cha blenda kinapasua zile seli na kuumwaga wanga wote nje, na wanga uliovimba ukichapwa unavutika. Hakuna siagi wala maziwa yatakayoirudisha nyuma hali hiyo. Kinu na mchi vina madhara yaleyale. Tumia uma mkubwa, au kitako cha glasi nene, au bora kuliko vyote, pitisha viazi vya moto kwenye chujio la waya kwa kuvisukuma kwa mgongo wa kijiko. Inachosha mkono kidogo, lakini matokeo yake hayalinganishwi.

Chagua viazi vilivyozama kwenye maji ya chumvi. Vimenye, kata vipande vikubwa vinavyolingana, anza navyo kwenye maji baridi yenye chumvi, vijiko viwili vya chai kwa lita. Ukivitia kwenye maji yanayochemka, nje kutalainika na kumomonyoka wakati ndani bado. Vikiiva, mwaga maji yote, rudisha sufuria kwenye moto mdogo na uitikise dakika moja au mbili mpaka mvuke upungue na viazi vianze kuonekana kama vimepakwa unga. Hatua hii vitabu vingi vinaitaja kwa maneno matatu tu na wasomaji wanairuka, wakati ndiyo inayoamua kama viazi vitapokea siagi au vitapokea maji yao wenyewe. Ponda vikiwa moto. Tia mafuta kwanza, yazungushie wanga, kisha maziwa ya moto kidogo kidogo. Kwa kilo moja gramu 100 za siagi zinatosha mlo wa nyumbani. Mpishi Mfaransa Joël Robuchon alipata jina dunia nzima kwa viazi vya kuponda, naye alitia robo kilo ya siagi kwa kilo ya viazi. Ni vitamu sana na ni vya sikukuu.

Nasi tuna samli nzuri, tusiione aibu. Siagi ina maji ndani yake, mafuta yake ni kama asilimia 80. Samli ni karibu mafuta matupu. Kitabu kikisema gramu 100 za siagi, weka 80 za samli na uongeze chumvi kidogo. Samli ya kienyeji yenye harufu kali itatawala sahani yote, kwa hiyo mara ya kwanza changanya nusu kwa nusu na siagi uone kama familia inaikubali. Na jambo moja la mkono: mkono uliozoea ugali unataka kusonga. Uzuie. Hivi vinageuzwa kwa kukunja mwiko taratibu, na mara tu vinapoonekana laini unaacha.

Saladi iliyovurugika ilikuwa na kiazi cha unga, na nadhani ulikimenya na kukichemsha kwa moto mkali. Safari hii chukua viazi vilivyoelea, vichemshe vizima na maganda yake, maji yatokote tu. Au ukitaka kuvikata kwanza, hapa ndipo asidi inakuwa rafiki: kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe kwa lita ya maji ya kuchemshia, na vipande vitabaki na kona zake. Kile kilichokuharibia gratin ndicho kitakachookoa saladi. Viungie vikiwa bado moto, kwa sababu kiazi cha moto kinafyonza na cha baridi kinateleza tu. Kwa hali ya hewa yetu sikushauri mayonezi, hasa chakula kikikaa mezani mchana kutwa kwenye shughuli. Mayonezi haitakiwi kukaa nje ya friji zaidi ya saa mbili. Kusini mwa Ujerumani saladi ya viazi huungwa kwa supu ya moto, siki, mafuta, haradali na kitunguu, bila mayonezi kabisa. Hapa tumia ndimu badala ya siki, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, na giligilani. Ukiweka kando ya sato wa kukaanga, ukali wa ndimu unakata mafuta ya samaki.

Hilo linanileta kwenye kitu ambacho kitabu hakikuambii, cha kupanga mlo. Sisi tumezoea kiazi kiwe ndani ya mchuzi au kiwe mlo wenyewe. Kiazi cha kusindikiza kinatakiwa kiwe na kile ambacho chakula kikuu hakina. Sato wa nazi pamoja na gratin ni uzito juu ya uzito, wageni watachoka baada ya vijiko vitatu; mpe saladi. Samaki wa kuchoma, mkavu, mpe gratin au viazi vya kuponda. Nyama choma inapenda viazi vyenye ukoko, na hivi vinawezekana bila oveni: chemsha viazi vya unga vilivyokatwa vikubwa katika maji yenye nusu kijiko cha chai cha bekingi soda kwa lita mbili, siyo bekingi pauda. Soda inafanya kinyume cha ndimu, inailegeza pektini, uso wa kiazi unakuwa na manyoya manyoya. Chuja, vitikise ndani ya sufuria mpaka vichubuke, viache vikauke, kisha vikaange kwenye kikaango kizito chenye mafuta ya kina cha kidole, bila kufunika, ukivigeuza mara chache tu. Yale manyoya ndiyo yanayokuwa ukoko.

Vipimo, kwa ufupi. Kikombe cha Marekani ni mililita 240, kwa hiyo kikombe chako cha chai si kipimo mpaka umekipima. Kijiko cha chakula ni mililita 15, cha chai ni 5. Pauni moja ni gramu 454, na kipande kimoja cha siagi wanachokitaja Wamarekani ni gramu 113. Nyuzi 400 za Fahrenheit ni kama 204 za Selsiasi, na 350 ni 177. Kitabu kikisema viazi vinne vya wastani, kila kimoja kihesabie gramu 150 hadi 200. Mizani ndogo ya jikoni itakusaidia kuliko kifaa kingine chochote unachoweza kununua sasa.

Kuhusu kujifunza kwenyewe, nakusihi uache kurukaruka. Umejaribu sahani tatu zinazotaka viazi vitatu tofauti, na kila moja ikaharibika kwa sababu yake. Chukua moja, uipike wiki hii, uipike tena wiki ijayo, na kila mara badilisha kitu kimoja tu: kiazi, au moto, au kiasi cha maziwa. Andika pembeni ya ukurasa kwa kalamu ya risasi ulinunua wapi, kilizama au kilielea, kiliiva kwa muda gani. Soma pishi mpaka mwisho kabla ya kuwasha jiko, na kila hatua jiulize mwandishi anataka wanga utoke au ubaki. Kwa gratin anataka ubaki, usioshe. Kwa chipsi anataka utoke: osha, kausha kwa kitambaa. Ukiwa na swali hilo moja kichwani, hata kitabu kisichoeleza sababu utakisoma vizuri. Ningekuwa wewe ningeanza na viazi vya kuponda, kwa sababu vinahitaji gesi na chujio tu, na kosa linaonekana papo hapo.

Mwisho, viazi usiviweke kwenye friji. Baridi kali inageuza wanga kuwa sukari, ukivikaanga vinakuwa vyeusi kabla ya kuiva. Usiviache kwenye mfuko wa plastiki wala kwenye jua la dirishani. Kapu au gunia, chini, mahali penye giza na hewa. Vilivyoanza kuwa kijani vina sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Kijani kidogo kata kwa kina, kingi tupa kiazi chote, na kikiwa kichungu ulimini usimpe mtoto wala mgeni. Nunua kidogo kidogo, cha siku chache, kwa muuzaji mmoja atakayekuzoea. Akishajua kwamba Jumamosi unataka vya unga na Jumapili vinavyoshikamana, ataanza kukuchagulia mwenyewe.